Neno Moja Juu, Neno Moja Chini

Mjukuu wangu, andika kama ninavyosema, wala usinipambie. Mimi sikusoma. Bibi yako alisoma miaka sita kwa masista wa Bukavu, lakini tulipohamia hapa Anderlecht, Ubelgiji, masikio yake yaliziba kabisa. Akaacha kanisa, akaacha na sherehe. Alisema amechoka kucheka wakati wenzake wamekwisha kucheka. Miaka miwili alikaa dirishani, nami sikuwa na dawa.

Ndipo ulipotuletea tiketi mbili za filamu ya kale, ya enzi ambazo picha zilikuwa hazijapata sauti. Ilinibidi nimvalishe koti kama mtoto.

Filamu ilihusu mchimba makaa aliyepofukia shimoni, na mkewe aliyefua nguo za matajiri ili wapate mkate. Kila baada ya kitambo picha ilikatika, maandishi yakatokea, na bibi yako akanisomea kwa Kiswahili. Kwa kuwa haisikii sauti yake mwenyewe, alisoma kwa sauti ya mnadi sokoni, akamshinda hata mpiga piano aliyesindikiza picha. Nilimkanyaga mguu, akaendelea.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba maandishi yalikuwa mengi, naye alisema machache. Nikamwonyesha vidole viwili: mafungu ni mawili, mbona umenipa moja?

"Papa, tulia," akasema. "Ya juu ni Kifaransa, ya chini ni Kiflamand. Maneno ni ileile."

Watu wa nyuma yetu walidaka lile neno "Kiflamand", wakacheka. Bibi yako aligeuka, akaona mabega yao yanatikisika, akacheka pamoja nao, wakati uleule.

Kisha tajiri mmoja akamshawishi yule mke amwache kipofu wake. Mke akafungua kinywa. Likatokea neno moja juu, neno moja chini. Bibi yako akasoma:

"Amejibu: huyu bwana ni mukali, hana hata asante, lakini ni wangu, siwezi kumuacha."

Sikusoma, lakini kuhesabu najua. Nikainua kidole kimoja mbele ya uso wake. Akatazama mbele, masikio yalikuwa yamekwisha kuziba, sasa na macho yakaziba.

Ndani ya metro nilimgeuzia uso, nikafungua kinywa polepole ili aone vizuri, nikamwambia asante. Akanitazama vituo viwili vizima.

"Mwezi ujao wanaonyesha ingine?" akauliza. "Utafute tiketi mapema. Nitakusomea."

Siku ilipofika nilimkuta mlangoni, koti amelivaa mwenyewe, ananigombeza kwamba nimechelewa.