Kuanguka kwa Vicksburg Jikoni Gulfton

Niliacha shule mapema, na mitihani sikuwahi kuielewa. Lakini ile vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, niliisoma kwa hamu kwenye maktaba za umma, tangu nikiwa mpakia mizigo mji wa Mesquite, Texas, mpaka nilipohamia Houston bila sababu ya maana.

Huku Gulfton, mtaa mmoja wa Houston, nilipanga chumba kwa mama mmoja Mkongo anayetunza wazee. Alikuwa ameshaanguka mtihani wa uraia mara moja. Akianguka tena, ombi lingeanza upya, na safari ya kumwona mama yake kambini Uganda ingengoja. Zikiwa zimebaki siku nne, akaniomba nimfundishe historia.

Nilimkuta akichambua maharage, nikayapanga mezani.

"Hawa ni Kaskazini. Wameuzingira mji wa Vicksburg. Ukianguka, mto Mississippi wote ni wao, na Texas inatenganishwa na wenzake wa Kusini."

"Na bamama ba ndani? Balikula nini?"

"Hata nyumbu wa kubeba mizigo. Walichimba mapango kukwepa mizinga."

Mikono yake ikatulia. "Siye pia tulilala mu shimo. Wiki mbili." Kisha akanisukuma bega. "Endelea, profesa bila shule!"

Siku ya tatu tulikuwa kwenye mapigano ya Gettysburg, Kusini wakirudishwa nyuma, binti yake aliporudi kutoka chuoni.

"Anko, jamani! Hawaulizi hayo. Kuna orodha ya maswali, jibu ni mstari mmoja."

Niliona aibu. Nikakusanya maharage, lakini mama akanishika mkono.

"Ile orodha niliikariri yote. Mbele ya ofisa ikapotea. Hii haipotei. Niambie tu, walipigania nini?"

"Utumwa. Kusini hawakutaka kuuacha."

Siku ya mtihani nilimsubiri kwenye maegesho. Alitoka mbiombio, mkoba umefunguka, karatasi mkononi.

"Ameniuliza kitu kimoja kilicholeta vita. Nikasema utumwa. Nikamwendelezea mto, nyumbu, bamama mu mapango. Akasema, 'Mama, inatosha.' Nikamwambia ngoja, mji haujaanguka!"

"Akakukatiza?"

"Aliweka kalamu chini, akangoja mpaka ukaanguka."

Karatasi ilisema amefaulu. Kabla sijawasha gari, alikuwa ameshapiga simu kambini. Aliongea na mama yake kwa lugha yao, nisiyoijua hata neno, huku akinipungia mkono niendeshe polepole, mtandao usikatike.