Jani Lililofungwa kwa Uzi Mweusi

Vitabu vya vita husifu majemadari. Sijaona hata kimoja kinachomtaja bibi yangu, ingawa kikosi kizima kilivaa kazi ya mikono yake kichwani.

Alitarizi kofia nyekundu za askari katika kibanda kilichopakana na kambi: tawi la nyuzi za dhahabu, lenye majani, lililozunguka kofia. Katika kila kofia aliacha jani moja wazi, ukingo wake haujaunganishwa. "Rudi nikufungie," alimwambia mwenye kofia. Waliorudi kutoka vitani walipita kwake hata kabla ya kwenda kwa mama zao.

Babu hakurudi. Ilirudi kofia yake pamoja na barua ya jeshi ya kutangaza kifo chake, na jani lilikuwa limefungwa tayari, kwa uzi mweusi, kwa mkono wa mtu mwingine.

"Alipata mke huko," majirani walinong'ona.

"Tena mke asiyejua kushona," bibi akajibu, wakacheka wote. Kisha akaifungia kofia sandukuni, na jina la babu halikutajwa tena nyumbani.

Mimi nilikuwa nimeshamaliza chuo siku alipoingia kibandani mzee mwenye mkongojo. Alikuwa ameshika kofia nyekundu iliyopauka. Jani moja lilikuwa wazi.

"Shemeji, nilipigana bega kwa bega na mumeo."

"Mbona umechelewa hivyo? Vita viliisha zamani."

"Niliogopa."

"Askari mzima unaogopa sindano?"

"Nilikuogopa wewe. Lile jani la mumeo nililifunga mimi. Alikuwa anakata roho, akaniambia, 'Lifunge, la sivyo mke wangu atanisubiri maisha yake yote.' Nikachomoa uzi kwenye koti langu."

Bibi akaenda sandukuni, akaitoa kofia ya babu, akapitisha kidole juu ya ule uzi mweusi, taratibu, kama anayepapasa kovu.

"Umeshona vibaya, shemeji."

"Mikono ilikuwa inatetemeka."

"Na mimi nimemnunia marehemu miaka yote hii kwa sababu ya mishono yako."

Mzee akainamisha kichwa. Bibi akamsogezea kigoda.

"Keti. Lete hiyo kofia."

Nyuzi za dhahabu alikuwa nazo bado, zimeviringwa kwenye kopo. Mkono wake ulilipita lile kopo, ukachukua uzi mweusi.