Mume wangu amempa neno mtu anayeitaka ngozi ya Dada

Admin, naomba usiweke jina langu wala herufi yake ya kwanza, Babati ni ndogo. Wa Nangara mtanijua tu mkifika katikati. Mkinijua, nyamazeni.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nimeolewa, nina watoto watatu. Kwa miaka mingi nimeuza maji kwa mama lishe na mafundi ujenzi, nikiyabeba kwa punda. Punda wangu ni jike, anaitwa Dada. Jina alipewa na binti yangu Happy alipokuwa mdogo, analilia apate dada wa kucheza naye, likamganda. Sasa mgongo umenigomea, na mabomba yamefika mtaani, biashara imekufa. Dada anashinda amesimama, akikata kamba anaingia kwenye mahindi ya majirani, na matusi yao nayasikia mimi. Nikakubali auzwe. Ila niliapa atakwenda kwa mtu wa kumtunza, maana wanangu wamevaa sare za shule kwa mgongo wa yule mnyama.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Niliandika kwenye grupu la mtaa: "Jamani, namtafutia Dada nyumba nyingine. Mpole, ana nguvu, hachagui chakula. Nataka mtu ambaye hatampiga wala kumnyima maji." Nyumbani kwetu Dada ni punda, nikasahau kwamba kwa watu wengine wote dada ni msichana wa kazi! Simu hazikupumzika. Mmoja aliuliza kama anajua kusukuma chapati, nikadhani ananitania. Mama mwingine akauliza kama ana tabia ya kutoroka. Nikamjibu kwa moyo safi kabisa, "Akisikia njaa tu, lakini ukimfunga kamba mguuni hana shida." Yule mama alinipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa! Nilipoeleza kwamba ni punda, watu walicheka, na mpaka leo wanacheka.

Asiyecheka ni mume wangu. Kila akienda kunywa kahawa sokoni wanamuuliza, "Baba Happy, yule dada mmeshamfunga kamba?" Anarudi amenuna.

Wateja wa kweli walikuja wawili. Wa kwanza ni mzee mfugaji kutoka upande wa Hanang, ambako wake zake bado wanafuata maji mbali. Nilimwamkia, akaitika. Alimfungua Dada mdomo akaangalia meno, akanyanyua kwato moja moja, akambebesha madumu na kutembea naye mpaka barabarani na kurudi. Ndipo akauliza, "Huyu naita nani?" Nikaona aibu, nikamwambia. Hakucheka. Akasema, "Dada nzuri. Mimi nakuja na kamba yangu. Hii yako baki nayo, mama, kwetu hatuuzi mnyama na kamba yake, baraka itatoka kwa boma." Nikasikia moyo umetulia. Tukakubaliana atarudi Alhamisi na kibali cha kumsafirisha, na nikampa neno langu.

Wa pili ni mfanyabiashara, sijui katokea wapi. Huyo hakuangalia meno wala kwato. Alimpapasa Dada mgongoni na tumboni, akauliza, "Ana makovu?" Nikamwambia ana moja la tandiko. Akasikitika kama mtu aliyeona kitambaa kimechanika. Nikamuuliza, "Huko anakwenda kubeba nini?" Akacheka, "Mama, huko habebi kitu." Kibali je? Akasema hayo tumwachie yeye. Jamani, mimi sikusoma sana lakini siyo mjinga. Wote tunasikia habari za ngozi za punda, na tunasikia kwamba zimekatazwa. Nikamwambia punda hauzwi, akaondoka.

Juzi nilikwenda msibani Bonga. Kurudi, nakuta mume wangu amekaa nje anapiga mluzi. Yule mfanyabiashara alirudi, akamwachia advansi, na Jumamosi anakuja na lori. Nikamweleza yote, la ngozi, la kibali, la mzee. Akasema, "Mama Happy, umeniaibisha mtaa mzima kwa ajili ya punda. Aondoke, aende mbali, nisisikie tena hilo jina. Mwanaume akishapokea hela ya watu hana maneno mawili." Nikamuuliza, na mimi niliyempa mzee wa watu neno, nina maneno mangapi? Akaingia ndani.

Nikampigia simu mama mkwe nikidhani atanisaidia. Akaniambia, "Shukrani ya punda ni mateke, mwanangu, usivunje ndoa kwa ajili yake." Jamani, Dada hajawahi kunipiga teke hata moja. Mateke yote niliyopata maishani nimepigwa na wenye miguu miwili.

Nimechoka. Nimechoka kuambiwa "ni punda tu" na watu waliokunywa maji aliyobeba, na waliojengewa nyumba kwa maji hayohayo. Nimebembeleza, nimepika vizuri, nimenyamaza, nimelia. Nimesema advansi irudishwe, mzee yupo, kuuza tutauza vilevile. Jibu ni lilelile, ameshasema. Na ameongeza kwamba Jumamosi lori likikuta zizi tupu, nifungashe nguo zangu nirudi kwetu.

Alhamisi mzee atafika asubuhi, wakati mume wangu yuko kazini. Naweza kumkabidhi Dada na kusubiri nitakachosubiri. Au naweza kumwambia yule mzee, aliyetoka mbali kote huko, kwamba neno la mwanamke wa Nangara halina uzito, kisha Jumamosi nimshike Dada mwenyewe nimpandishe kwenye lori, maana akishikwa na mtu mwingine hapandi. Ananiamini mimi.

Ndugu zangu, nishaurini. Neno la nani livunjwe?