Kengele Kwenye Ukurasa wa Mbele

Katika karakana ya akina Zafira, kule juu milimani Rodope, kengele ya kondoo haikuwa kazi ya mtu mmoja. Kaka yake, Manol, ndiye aliyeshika nyundo, na Zafira ndiye aliyetega sikio. Manol hufua chuma, huinua kengele, huitikisa. Zafira hufumba macho. "Bado ina mafua," husema. "Iguse kidogo mdomoni." Manol hugonga tena kwa wepesi, na chuma kilichokuwa kikikohoa huanza kuimba. Zafira alishavuka miaka hamsini, na bado kila ilipofika hapo mwili ulimsisimka.

Ila wachungaji walikuwa wamepungua, na waliobaki walitawanyika kila mmoja nyuma ya mlima wake, wala hawakujua kama karakana ingali hai. Manol akapata kazi ya kuendesha lori Uhispania. "Ikifika sikukuu ya Mtakatifu Georgi hatujapata oda ya kundi zima, mimi naenda zangu," alisema, na hakuwa akitania. Siku hiyo ndipo kondoo hupelekwa malishoni wakiwa na kengele mpya. Ikishapita, nani atanunua? Zafira alijua kaka yake akipanda basi, moto wa karakana ndio umezimika.

Akaamua kufungua tovuti. Alijifunza mwenyewe, miwani puani, akihangaika na kompyuta ya mtumba. Na ukurasa wa mbele aliujaza, jamani! Babu na masharubu yake, medali ya maonyesho, historia ndefu kama mahubiri, theluji inayodondoka juu ya maandishi, na zumari lililopiga kelele mara tu mtu alipofungua.

"Dada, hii ni tovuti au ukuta wa sebuleni kwa shangazi?" Manol aliuliza.

"Wewe cheka tu. Wateja watakuja."

Alikuja mmoja, mama wa mjini Sofia. Alitaka kengele ya kupamba mlango, tena isiyo na kelele.

Halafu akapiga simu mzee Karafil, mchungaji aliyenunua kwao tangu enzi za baba yao. Hata salamu hakuimaliza.

"We Zafira, nimefungua hilo duka lako. Babu yako nimemwona, masharubu nimeyaona, theluji imeninyeshea. Kengele ziko wapi?"

"Shuka chini, mzee. Kuna picha."

"Picha? Kwani kondoo wangu nawavalisha picha?"

"Zimetoka vizuri, mzee, zinang'aa kweli..."

"Zing'ae zising'ae, inanihusu nini? Hebu niambie, nikija kwenu huwa nasimamaje?"

Hapo Zafira akakumbuka. Kila mchungaji aliyeingia karakanani, kabla hata ya kuonja rakia, ile pombe kali ya matunda, aliupa mgongo ukuta wa kengele. Kuzitazama ilikuwa mwiko, asije akadanganywa na mng'aro. Aligongewa moja moja naye akisikiliza: hii, siyo hiyo, rudia ile. Alizikusanya zile zinazopatana, ili kundi lake likipita bondeni watu waseme, huyo ni fulani. Zafira alikulia ndani ya desturi hiyo, kisha akaenda kujenga duka la kutazama! Alijiona mjinga, na kwa hilo sitamtetea.

Akafuta vyote. Babu akaondoka na masharubu yake, na medali, na zumari. Juu akaacha mstari mmoja: Tunafua kengele za kondoo, gusa usikilize. Chini yake kengele safu moja, kutoka kubwa hadi ndogo. Ukigusa moja inalia, ukigusa nyingine inajiunga nayo, mpaka upate kundi lako. Kisha nambari ya simu. Basi.

Lakini sauti alizorekodi karakanani zilikuwa kama vijiko vinavyoanguka jikoni. Kengele iliyotundikwa kwenye msumari haitembei, haipumui. Akazitia zote guniani, akapanda hadi kwenye zizi la Karafil.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Karafil aliwavalisha kondoo, akawaachia wapite mmoja mmoja mbele ya simu ya Zafira iliyokuwa ikirekodi. Mmoja akasimama, akaanza kuilamba.

"Huyo anataka kuweka oda," Karafil alisema.

Kisha akawaachia wote pamoja. Kundi likaingia ukunguni, likapotea machoni, ikabaki sauti. Loo! Zafira alizijua kengele zile moja moja, kila moja na tabia yake, kama watoto aliowalea. Hakuwahi kuzisikia zikitembea. Zile nzito zilikwenda polepole chini, ndogo zikikimbia juu yake, na katikati kikapanda kitu ambacho hakuna kengele hata moja iliyokuwa nacho. Kilitoka wapi? Mlima mzima ulikuwa unaimba na hakuna aliyeonekana. Zafira akakaa kwenye majani yenye umande na kupiga ishara ya msalaba.

"Mungu wangu," alisema. "Hivi hii ni kazi yetu?"

Karafil alikuwa amevua kofia. "Mimi naisikia kila siku, mama," alijibu kwa sauti ya chini, "na sijaizoea."

Zafira akaziweka sauti zile kwenye ukurasa. Siku zikapita, simu kimya. Mkesha wa sikukuu ukafika, begi la Manol likakaa mlangoni.

"Njoo usikilize kwanza," Zafira alimwambia.

"Dada, basi litaniacha."

Zafira akagusa safu nzima. Manol akaganda. Maisha yake yote kengele ziliondoka ndani ya magunia ya wachungaji, yeye akabaki na chuma kingine motoni.

"Nani kazifua hizi?"

"Wewe."

"Acha utani, Zafira."

"Wewe, Manol. Zote."

Manol akanyoosha mkono, akaigusa tena safu nzima. Alikuwa analia waziwazi, jitu zima lenye mikono ya nyundo, wala hakujifuta.

Hapo ndipo simu ikaita. Zafira akapokea kwa spika. Sauti ngeni, mchungaji wa upande wa Pirin. "Huku theluji bado ipo, tutachelewa kuwatoa kondoo. Tangu asubuhi tunagusa tu, mimi na mke wangu, hata maharage yameungua. Kundi langu nimeshalipata, nalitaka lote. Ila kati ya ile ya nne na ya tano kuna nafasi. Kuna sauti hapo haipo, na mimi naisikia. Mnaweza kunifulia?"

Zafira akamtazama kaka yake. Manol alikuwa ameinamisha kichwa, anaitafuta sauti ile.

Nje basi likapiga honi. Manol akatoka, na Zafira akakimbilia dirishani. Akamwona ameshika mlango wa basi, anaongea na dereva.

"Nendeni tu, ndugu yangu," alimsikia akisema. "Kuna kondoo wa watu wananisubiri."