Niliruhusu kwa Adabu Maneno ya Marehemu Mke Wangu Yafutwe

Kwako Mhariri mpendwa, na kwenu wasomaji wa ukurasa huu, wakubwa kwa wadogo. Wanaostahili shikamoo yangu naomba waipokee. Walio wadogo kwangu nawasalimu kwa upendo. Mimi namshukuru Mungu kwa kiasi alichonijalia. Kabla ya yote naomba radhi, kwani barua hii ilipasa kuwafikia mwezi uliopita. Niliianza mara tatu nikaichana, kwa kuwa sikuzoea kuanika mambo ya nyumbani mwangu mbele za watu.

Nina umri wa miaka sitini na saba, ni mgane, naishi Gongo la Mboto. Nilisoma shule ya misheni, kisha nikaajiriwa katika kitengo cha kompyuta cha shirika moja la umma, enzi za mashine zilizojaza chumba kizima na kulishwa kadi zilizotobolewa. Mke wangu alikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyohiyo. Shirika lilipouzwa, tulipunguzwa kazi sote wawili katika wiki ileile. Baadaye mpwa wangu aliye ng'ambo alinitumia kompyuta kuukuu, na ndani yake mfumo wa kuiendesha ambao hutolewa bure, na kila mtu anaruhusiwa kuyasoma maandishi yake ya ndani na kuyarekebisha. Unatunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Nami nikaomba kazi.

Nilipewa kifurushi kimoja. Ni chombo cha kupima programu nyingine: programu ikienda polepole, chombo huonyesha ni sehemu gani inayokula muda. Sikukitunga mimi. Kazi yangu ilikuwa kukifungasha, yaani kukusanya sehemu zake na kuandika kinategemea nini na kikae wapi, ili mtu mwingine akiweke kwenye mashine yake kwa amri moja tu. Nilipomweleza mke wangu, alicheka hadi akaketi.

"Kumbe ni mmbeya! Kazi yake kusema nani mvivu humo ndani." Kisha akachungulia. "Na mbona maelekezo yake Kiingereza kitupu? Hebu nipishe hicho kiti, Baba Neema."

Kwa miezi mitano aliyaandika maelekezo yote kwa Kiswahili. Mimi nilifafanua, yeye akatafuta maneno. Alianza hivi: "Programu yako ikichelewa, usiigombeze. Iulize muda wake inaupeleka wapi." Nikamwambia maelekezo hayaandikwi namna hiyo.

"Yako ndiyo hayaandikwi hivyo," akasema. "Haya ni yangu."

Nikayafungasha kama alivyotaka. Kwa kuwa hatuna simu nyumbani, disketi ilipelekwa mjini, kwenye ofisi yenye barua pepe, na majibu yalirudi yamechapwa, ndani ya bahasha.

Mwaka jana homa ya siku nne ilimchukua. Niliifunika kompyuta kwa kanga yake hadi arobaini ipite, na bahasha zilizoletwa sikuzifungua. Kumbe ndani yake watu walilalamika kwamba mfumo umebadilika na chombo changu hakifanyi kazi tena. Kijana mmoja wa huko ng'ambo, naye wa kujitolea, alikitengeneza na akapewa akitunze pamoja nami. Simlaumu. Aliniandikia pole ya heshima kabisa. Kisha akauliza: kwa kuwa hakuna mwingine kati yao awezaye kusoma Kiswahili na kuyasahihisha maelekezo yale kila chombo kinapobadilika, je, naridhia ayaondoe? Nikikataa, yatabaki.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Sisi tuliolelewa kwa adabu, mgeni akitaka kiti chako humkunjii uso. Unamwambia, "Keti, mwanangu, mimi nitasimama." Naye hujibu, "Hapana, mzee, siwezi." Unamkaribisha tena, anakataa tena, mwishowe unakalia kiti chako na hakuna aliyevunjiwa heshima. Basi niliandika ukurasa mzima wa shukrani, nikamalizia kwamba sina kipingamizi, afanye aonavyo vema. Nikangoja aseme, hapana, mzee.

Lilikuja jibu la mstari mmoja: asante sana, nitayaondoa katika toleo lijalo.

Nilimwonyesha binti yangu Neema. "Baba nawe! Kauliza, umesema sawa. Ulitaka afanyeje, akubembeleze?"

"Ndiyo," nikasema.

"Wenzako kule hawaulizagi mara mbili. Mwandikie leoleo, mwambie umeghairi. Na nakala si unayo kwenye disketi?"

Nakala ninayo. Lakini ndani ya droo ya meza yangu maneno yale ni kumbukumbu tu, na kule yalikuwa kazini. Pengine kuna mtu mahali fulani aliambiwa asigombeze, akatulia. Hata hilo siwezi kulithibitisha, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika kwamba ameyasoma. Nimetoa neno langu na kutia jina langu chini yake. Kijana yule alibeba mzigo wangu nilipokuwa matangani, leo nimgeuke? Nikimweleza kwamba ni maneno ya marehemu, atayaacha kwa kunihurumia, na jicho langu la kulia limeshaanza kufunga ukungu. Baada yangu nani atayasahihisha?

Toleo linafungwa mwisho wa mwezi huu. Ndugu zangu, mtu akikubali jambo kwa adabu tu, anaruhusiwa kurudi na kusema hakukubali? Nielekezeni, kwa maana peke yangu nimeshindwa.

Barua hii ataileta ofisini kwenu Mama Tumaini, jirani yangu, ambaye huenda mjini kila siku kuuza vitenge na ndiye aliyekuwa akitupelekea disketi. Mkobani mwake ipo disketi nyingine, yenye barua ya kuomba maneno yale yabaki. Nimemsihi asiifikishe mpaka mtakaponiambia kwamba si aibu.