Mzee Lin na Nyumba Yetu ya Kwapa

Kila ninaposikia harufu ya chai ya yasmini, hata iwe hotelini kwa watu nisiowajua, namwona Mzee Lin ameketi barazani kwetu, kijijini Kwapa karibu na mpaka wa Kenya, kofia gotini, akipuliza kikombe chake cha bati. Alikuwa Mchina, mpima barabara, na baba alimpangisha chumba cha mbele alipokuja kupima njia mpya ya kwenda Tororo. Kiswahili alikiokota sokoni Busia, basi alisema "mimi nakwenda" hata alipokuwa ameshafika. Mama, Msamia wa upande wa Kenya, alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa leso, kisha akamwongezea samaki.

Nilikuwa na miaka tisa, nami nilimpenda. Alinifundisha kuchungulia kwenye darubini yake ya miguu mitatu, ambamo mwamba wa Tororo ulionekana karibu kiasi cha kugusika.

Mchana mmoja alirudi mapema, na chai hakunywa. Alimweleza baba, akichora mchangani kwa kijiti, kwamba barabara ina mahali pawili tu pa kupita. Kwingine kote ni kinamasi. Upande mmoja ni zahanati, ya pekee tuliyokuwa nayo. Upande wa pili ni nyumba yetu. Baba alikuwa mwalimu, na matofali ya nyumba ile aliyafyatua mwenyewe kwa miaka minne, kila jioni akitoka shuleni. Akamtazama mama, na mama akalitazama jiko lake.

"Pigilia vigingi vyako hapa, Mzee," baba akasema mwishowe. "Sisi tunaweza kuhama. Wagonjwa watahamia wapi?"

Niliacha kumsalimia Mzee Lin. Kwangu ndiye aliyetunyang'anya nyumba. Siku ya tatu alikuja akaketi kando yangu, asinibembeleze, akanisimulia habari za mhandisi mmoja mashuhuri wa kwao. Mtu huyo alijenga daraja juu ya mto ambao wengi walisema hauwezi kujengewa. Daraja lilikuwa bado jipya jeshi la wavamizi lilipokaribia. Kwa kuwa hakuna aliyelijua kama yeye, yeye mwenyewe ndiye aliyeonyesha mahali pa kuweka baruti, likalipuliwa ili adui asivuke. Michoro yake aliitunza miaka yote ya vita, na amani iliporudi akalijenga upya.

"Kwani alikuwa halipendi?" nikauliza.

"Daraja yake alipenda sana," akasema Mzee Lin. "Lakini watu yake alipenda zaidi."

Nikamwambia hadithi yake ni ya kijinga. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kwamba nina haki ya kusema hivyo.

Baba ndiye aliyepiga sururu ya kwanza. Mzee Lin alivua kofia, akashinda siku mbili akitenga matofali mazima na kuyabeba pamoja nasi hadi kwa bibi, mzaa baba. Barabara ilipokwisha, akaenda zake, nasi tukakaa kwa bibi muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Enzi zile nilidhani uzalendo ni kusimama wima shuleni na kuimba wimbo wa taifa kwa sauti kuliko wenzangu, na nilijiona hodari.

Mwaka juzi mama alizidiwa ghafla. Pale zahanati walimtundikia dripu, wakatupatia gari la kumkimbiza hospitali ya Tororo. Nilikipakata kichwa chake kwenye kiti cha nyuma. Baba, mzee sasa, alikaa mbele. Tulipopita mahali fulani palipo lami tupu, akageuka na kusema taratibu, "Hapa ndipo lilipokuwa jiko la mama yako."

Nikang'amua, miaka yote hiyo imepita, kwamba Mzee Lin hakuwa akijisifia kwao. Alikuwa akinieleza baba yangu ni mtu wa namna gani, kwa sababu mimi nilikuwa sijamwona.

Mama akafumbua macho. "Najua," akasema. "Mwache dereva aendeshe."