Fimbo ya Pool ya Baba Mkwe

Mkereza fimbo za pool wa mtaa ule alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona fimbo kuukuu bila kutaka kujua ndani yake kuna nini. Ufundi wake wote aliupata kwa mafundi wa zamani, wengi wao marehemu, kwa kuzipapasa na kuzipima kazi zao. Wateja nao ndivyo walivyotaka: fimbo mpya, lakini ifanane na ya kale.

Siku moja baba mkwe akamletea fimbo yake ibadilishwe ngozi ya nchani, maana Jumamosi angecheza na kinyozi, hasimu wake wa miaka mingi. Kazi yenyewe ndogo. Tatizo ni kwamba shina la fimbo ile lilikuwa na meno ya mpingo yaliyozama ndani ya mti mweupe, na fundi hakuelewa yaliingiaje. Akafunga mlango, akachukua msumeno.

Alipoiona siri, alifurahi. Alipoona vipande viwili, akakumbuka Jumamosi.

"Baba watoto, hiyo si ya baba?" mkewe aliuliza dirishani.

"Ilikuwa."

"Sasa?"

"Namtengenezea pacha wake. Hatajua."

"Haya. Mimi simo."

Mzee huyo ndiye aliyeikataa posa yake mara mbili, akisema mchonga vijiti hawezi kutunza mke. Kumpa sababu nyingine? Thubutu! Fundi akakereza, akapiga msasa, akaizeesha kwa chai ya rangi. Hata mikwaruzo akaiiga. Jambo moja tu lilimshinda. Fimbo ya mzee ilikuwa imepinda kidogo, na kila alipojaribu kuipinda hii, mkono ulikataa. Fundi gani anatoa kazi iliyopinda? Akaiacha imenyooka kabisa, akajiambia hiyo ni nyongeza ya bure.

Jumamosi mzee akaichukua fimbo mpya, akaenda kucheza, akakosa mpira wa kwanza. Wa pili akaukosa pia. Uliofuata uliruka mezani ukaingia kwenye ndoo ya maji, na kinyozi akacheka mpaka akakaa chini.

Mzee alitoka pale moja kwa moja hadi karakana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yangu iko wapi?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Fundi akafunua gunia, vipande vikaonekana.

"Nisamehe, baba. Lakini ile ilikuwa imepinda. Hii imenyooka."

"Unadhani sikujua? Miaka yote nalenga pembeni ndipo mpira uende sawa! Umeninyooshea, nimeaibika mbele ya kinyozi."

Fundi akavirudisha vipande guniani.

"Nichongee nyingine," mzee akasema, akivuta kigoda. "Ipinde vilevile."

"Watu watanicheka, baba."

"Wacheke. Kitu na kasoro yake, mtu huzoea. Wewe mwenyewe si nimekuzoea?"

Fundi alitaka kukasirika, akashindwa. Tangu aoe hakuwahi kuambiwa na mzee huyu neno tamu kama lile. Akachagua mti mzuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akaanza kuuharibu.